Kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa gari, watu wawili

Madrasa tulifundishwa msemo wa Kiarabu: rafiki kwanza, ndipo njia. Mara ya kwanza mimi na shoga yangu kuvuka nchi kwa gari tulifanya kinyume. Njia tuliijua, pa kulala tulipajua, hata samaki wa Kisumu tulishawala kwa maneno kabla ya kutoka Majengo. Ambacho hatukufanya ni kukaa kitako tukaulizana nani anatia mafuta, nani anaendesha mpaka wapi, na tukichoka tunasimama au tunajikaza. Tulifika Mtito Andei jua limeshatua, kila mmoja kanuna, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tulale hapa. Tukaendelea. Kabla ya Kibwezi palikuwa na trela limekufa njiani bila taa hata moja, na kilichotuokoa ni matawi ya mti yaliyolazwa kwenye lami. Nilikanyaga breki, magoti yakatetemeka mpaka Makindu.

Tumekwenda tena mara tatu tangu hapo, na mara zote tatu tumerudi tukiwa tunasemezana. Haya ndiyo tunayofanya sasa.

Hatua ya 1: Kaeni kitako kabla ya kuligusa gari

Safari yote ni kama kilomita 830: takriban 480 kutoka Mombasa hadi Nairobi, na 350 kutoka Nairobi hadi Kisumu. Mabasi huimaliza kwa mkupuo mmoja. Nyinyi msifanye hivyo. Igaweni siku tatu: siku ya kwanza Nairobi, ya pili Nakuru, ya tatu mnaingia Kisumu mchana. Siku ya pili ni fupi kwa makusudi, na sababu yake nitaieleza tukifika huko.

Kisha pesa. Chukueni kibeti kimoja, kila mmoja atie kiasi mlichokubaliana, na mafuta, chakula cha njiani, ada ya kuegesha na ushuru wa barabara vyote vitoke humo. Zawadi na nguo kila mtu na mfuko wake. Kama gari ni la mmoja wenu, kumbukeni kwamba matairi, oili na breki zinazolika ni zake peke yake. Kwa hivyo si haki mafuta kugawanywa nusu kwa nusu. Sisi gari ni langu, mwenzangu hutia theluthi mbili za mafuta, na hilo lilikatwa sebuleni kwetu tukinywa chai, si mbele ya mtu wa sheli ameshika mpira wa petroli.

Hesabu ya mafuta ni rahisi. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa kama lita 70 kwenda tu. Zidisha kwa bei ya siku, ongeza za kurudi na za kuzunguka mjini. EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta Kenya, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, zikaanza kutumika tarehe 15, basi tazameni tarehe ya safari yenu isije hesabu ikaharibika. Na jazeni tangi hapa hapa Mombasa: mafuta hushukia bandarini kwetu, kwa hivyo bei yetu huwa chini kuliko ya Nairobi na ya Kisumu.

Usukani tunabadilishana kila baada ya saa mbili, hata kama aliyeshika anasema bado ana nguvu. Aliyekaa pembeni hasinzii. Kazi yake ni kutazama njia, kupokea simu, kulipa, na kumlisha dereva.

La mwisho katika kikao hiki ndilo ninalolithamini kuliko yote. Chagueni neno moja la kusimamisha gari. Letu ni "maji". Mmoja akisema maji, mwenzake anatafuta mahali pa salama pa kusimama bila kuuliza kwa nini. Pengine ni haja, pengine usingizi, pengine umeogopa anavyokimbiza gari na hutaki kumwambia kwa ukali. Maelezo yatakuja baadaye gari likiwa limesimama.

Hatua ya 2: Gereji, wiki moja kabla

Gari letu la Mombasa limezoea tambarare. Safari hii italipandisha kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,400 pale Mau Summit, kisha literemke tena hadi kama mita 1,130 Kisumu. Mwambie makanika hivyo hivyo, kwa sababu ukisema tu "nifanyie sevisi" atabadilisha oili na kukupa funguo. Akague rejeta, mipira yake ya maji, feni na fenbelti. Akague breki za mbele na za nyuma. Na kwa sababu upepo wetu una chumvi, atazame kutu kwenye mabomba ya breki na kwenye vichwa vya betri.

Rejeta nalisema kwa uchungu. Safari ya pili gari lilichemka kwenye vilima vya karibu na Salama, jua la mchana, malori yanatupita yakinguruma. Kosa lilikuwa langu: mpira wa maji ulikuwa umepasuka kidogo tangu nyumbani, nikauona, nikasema utafika. Ikiwatokea, zimeni injini, simameni nje kabisa ya lami, na msiguse mfuniko wa rejeta kwa nusu saa nzima. Maji yaliyomo yana presha na yatakurukia usoni. Ndiyo maana siku hizi hatutoki bila jerikani ya lita tano za maji ya gari peke yake, mbali na ya kunywa.

Matairi: presha ipimwe asubuhi yakiwa baridi, ikiwemo ya spea, ambayo ndiyo husahauliwa. Kisha fanyeni jambo ambalo watu wengi huliruka. Kila mmoja wenu avue tairi moja na kulirudisha kwa mikono yake, uani nyumbani, kwa jeki na wili spana ya gari hilo hilo. Sisi ndivyo tulivyogundua kwamba nati moja ilikuwa imekazwa hata mwanamume wa gereji akahema kuifungua. Fikiria kuligundua hilo Manyani.

Hatua ya 3: Makaratasi

Leseni za kuendesha za wote wawili, vitambulisho, bima ambayo haijaisha. Muulizeni aliyewauzia bima kama inamhusu dereva asiye mwenye gari. Na gari likiwa la kukodi, majina yenu yote mawili yaandikwe kwenye mkataba. Pembetatu mbili za onyo, mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza. Nambari za dharura ni 999 na 112. Trafiki akiwasimamisha, shusheni kioo, salamu, mikono ionekane, makaratasi yawe karibu. Kwa kawaida ni dakika mbili.

Hatua ya 4: Pakieni chakula, na pakieni sweta

Mahamri ya jana usiku, mbaazi kwenye chupa ya moto, kachri, viazi vya karai kwa dakika za mwanzo tu maana vikipoa vinapoteza ladha, na kahawa ya tangawizi. Bebeni vikapu na makopo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Mtu wa pwani haamini baridi mpaka imuingie mifupani. Limuru asubuhi utatoa moshi mdomoni. Beba sweta nzito, soksi, na leso mbili, moja ya kujifunika na moja ya kila kitu kingine.

Wenyeji wa bara wana matumaini yao kwenu pia. Haluwa, mabuyu, achari na krips za muhogo ni zawadi zinazopokelewa kwa mikono miwili. Krips zikiwa kwenye pakiti zilizozibwa mtaziona zinafura kadiri mnavyopanda; ni hewa ya juu kuwa nyepesi, hazijaharibika.

Hatua ya 5: Mombasa hadi Mtito Andei

Swalini alfajiri, someni dua ya safari, na saa kumi na moja na nusu mwe mmeshavuka Makupa. Kila dakika mnayochelewa inawaongezea lori moja mbele yenu Changamwe na Miritini. Wanaotoka Likoni au Diani hawana haja ya kupanga foleni ya feri siku hizi. Njia ya Dongo Kundu inawatoa moja kwa moja upande wa Miritini.

Mazeras, kisha Mariakani, na hapo kuna mizani ya malori. Foleni huwa ya malori, lakini huingia njiani. Kuweni na subira. Madereva wa masafa marefu wana lugha yao ya taa: mara nyingi aliye mbele yako akiwasha indiketa ya kushoto anakwambia njia ni nyeupe, pita, akiwasha ya kulia anakwambia kaa nyuma, kuna gari linakuja. Shukuruni kwa honi fupi, lakini msipite kwa ushahidi wake peke yake. Pita pale macho yako yanapoona mwenyewe. Na gari la upande wa pili likiwawashia taa mchana, punguzeni mwendo: mbele kuna ajali, wanyama au trafiki.

Baada ya Samburu na Taru mtafika Mackinnon Road, na msikiti ulio karibu na reli. Humo amezikwa Seyyid Baghali Shah, aliyekuwa msimamizi wa wajenzi wa reli ya zamani. Masimulizi yanasema karai alilobebeshwa lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wengi husimama hapa kuomba dua, wa dini yetu na wa dini nyingine. Sisi husimama kila safari, dakika kumi, tunatia sadaka, tunanyoosha miguu.

Voi ni kama kilomita 150 na ushei kutoka nyumbani. Tieni mafuta hapa hata kama tangi lina nusu, kunyweni kahawa, badilishaneni usukani. Kutoka hapo mpaka Mtito Andei ni pori la Tsavo kulia na kushoto, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1948, na barabara inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Tazameni vizuri. Ndovu wa huku ni wekundu kwa udongo wanaojipaka, na wakati mwingine huwa mita chache kutoka kwenye lami. Akivuka, simameni mbali, msipige honi, msishuke kupiga picha. Nyani wakiwasogelea fungeni vioo. Ukimpa ndizi leo unamfundisha kukimbilia magari, na kesho gari litamgonga.

Mkivuka mto Tsavo, kumbukeni kwamba hapa ndipo simba wawili walipowala wajenzi wa daraja la reli mwaka 1898. Mwenzangu hulisimulia kila tukipita, na kila safari idadi ya watu walioliwa inaongezeka.

Mtito Andei ndiyo nusu ya njia ya Nairobi. Mkitoka mapema mtakuwa hapa kabla ya saa tano asubuhi.

Hatua ya 6: Makindu, kisha Nairobi

Msile mkashiba Mtito. Nendeni hadi Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Kila msafiri, awe wa dini gani, hupewa chakula bure, na pana vyumba vya kulala wageni. Vueni viatu, funikeni vichwa (leso ile), msiingie na sigara wala pombe. Chakula hakina nyama: chapati, dengu, wali, chai ya maziwa. Hawadai kitu, lakini kuna pa kutia mchango, na kibeti kinafunguka hapo kwa moyo mkunjufu. Usiku ule wa trela tulilala hapa. Tulipokewa na mzee aliyetuuliza swali moja tu, kama tumekula.

Kutoka Makindu mtapita Emali, Sultan Hamud, Salama, na barabara inaanza kupanda. Kuanzia saa nane mchana jua litakuwa machoni kwa sababu mnaelekea magharibi. Dereva avae miwani, kioo cha mbele kifutwe. Hapa ndipo watu wanapochoka na kupita malori kwenye kona. Hapa ndipo neno letu limetumika mara nyingi kuliko popote.

Mkifika mji wa Mlolongo mna chaguo. Kama mnalala Westlands, pandeni barabara ya juu, Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022: kilomita 27, mnalipa ushuru, mnaruka foleni yote ya mjini. Kama mnalala upande wa Kikuyu, chukueni Southern Bypass. Chumba kiwe kimelipiwa tangu Mombasa, na muwe mmeuliza mambo mawili: gari litaegeshwa ndani ya geti? Kuna askari usiku? Sisi ni wanawake wawili na hatuingii mji tusioujua baada ya magharibi.

Hatua ya 7: Nairobi hadi Nakuru

Lalani mpaka saa mbili. Wanaotoka alfajiri hukutana na ukungu wa Limuru na Kinungi, mzito wa kutoona gari la mbele. Hii ndiyo sababu ya ufupi wa siku ya pili: mnatoka ukungu umepanda, mnakwenda kilomita 160 tu, na mwili unapumzika kwa ajili ya kesho.

Njia ni mbili. Ya juu inapita Kinungi, na kuna vituo vya kusimama mkatazama Bonde la Ufa likiwa chini yenu, Mlima Longonot umekaa katikati. Ya chini inateremka Mai Mahiu, ndiyo ya malori mengi, na kando yake kuna kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Mimi huchagua ya juu kwenda. Nunueni viazi, karoti na kabichi Soko Mjinga wakati wa kurudi, si sasa.

Naivasha, Gilgil, Nakuru. Chakula cha mchana, kutazama ziwa, kulala mapema.

Hatua ya 8: Nakuru hadi Kisumu

Tokeni saa moja asubuhi. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, na mnataka muwe mmeshaipita.

Kutoka Nakuru hadi Mau Summit ni mpando wa Salgaa na Sachangwan, na huu mpando umeua watu wengi. Kwenda, nyinyi mnapanda. Hatari ni malori yanayoteremka upande wa pili breki zikiwa zimeshika moto. Kaeni kushoto, msishindane na mtu. Januari 2009, hapo Sachangwan, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Mkiona tangi la mafuta limeanguka popote, geuzeni gari, rudini nyuma mbali. Hakuna cha kutazama.

Mau Summit, kunjeni kushoto kuelekea Kericho. Anayenyoosha anakwenda Eldoret. Mbele kidogo ni makutano ya Londiani. Wachuuzi watawaita kwa sauti tamu, na vitu vyao ni vizuri. Lakini tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo hapo likawavamia watu kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafariki. Sisi hatusimami ukingoni mwa barabara kuu kununua kitu, Londiani wala popote. Tunaingia ndani, kwenye sheli au ua wa hoteli, tunazima gari, ndipo tunanunua.

Kisha inakuja Kericho. Sijui niseme nini kwa mtu ambaye hajaiona. Chai yote tuliyokunywa maisha yetu kwenye baraza za Mombasa, ndiyo hii hapa, vilima kwa vilima, kijani kilichokatwa sawasawa kama zulia, na wachumaji vikapu mgongoni. Mara ya kwanza mwenzangu alisema "maji", nikasimama kwenye uwanja wa sheli, nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna, nataka kutazama. Tukatazama.

Kutoka Kericho mnateremka. Tumieni gia nzito, yaani za namba ndogo, breki zipumzike. Sweta zinavuliwa moja moja, na mkifika Awasi na Ahero, penye mashamba ya mpunga, joto na unyevu vinawarudia kama mko Kisauni. Ahero ina boda na watu wengi barabarani. Mwendo wa mjini ni 50, na uwe kweli 50.

Kisumu, nendeni ziwani kabla ya hoteli. Kule Dunga au kwenye vibanda vya ufukweni mtachagua samaki mwenyewe. Ngege ndiye mtamu. Mbuta ana minofu mikubwa. Huletwa mzima, na ugali, na huliwa kwa mkono kama kwetu. Mkiwa na nguvu asubuhi yake, endeleeni kama kilomita 25 hadi Maseno, ambako mstari wa Ikweta unakata barabara.

Hatua ya 9: Kurudi

Njia ni ile ile, lakini hatari zimegeuka upande. Sasa nyinyi ndio mnaoteremka Sachangwan: gia nzito tangu juu, kabla mwendo haujakusanyika, na lori likiwa nyuma yenu karibu mno mwacheni apite. Jua la asubuhi litakuwa machoni mkitoka Nairobi, basi miwani tena. Kagueni maji na oili kila asubuhi injini ikiwa baridi.

Mkifika nyumbani msiagane mlangoni mkaahidiana hesabu ya kesho. Kesho haiji. Sisi humwaga kibeti juu ya mkeka usiku ule ule, tukiwa bado na vumbi la Taru, tunahesabu, anayedai analipwa. Safari iliyopita zilibaki shilingi 340. Tukazipeleka kwa mama wa viazi karai wa pale kwetu, tukala tumesimama, na ukwaju mpaka kwenye viganja.